Herufi za Bibi

Rangi nyekundu ikipita kwenye mashine ya kopi hutoka kijivu. Kijani nayo hutoka kijivu. Wekundu wa tunda la kahawa lililoiva na ukijani wa tunda bichi hutoa kijivu kinachokaribiana mno, kiasi kwamba matunda hayo mawili yakikaa bega kwa bega kwenye kopi, huwezi kusema lipi lichumwe na lipi liachwe. Anayesanifu kipeperushi kwenye kompyuta yenye kioo kizuri halioni jambo hilo. Kwake nyekundu ni nyekundu. Lakini kipeperushi chake hakitasomwa kwenye kioo hicho. Kitasomwa Kibosho, kihambani, chini ya migomba, kikiwa kopi ya kopi ya kopi.

Nafanya kazi steshenari. Nilisomea ualimu, na kama wenzangu wengi nasubiri ajira, nikisubiri, nachapa. Mitihani ya majaribio, ratiba za ibada, kadi za michango ya harusi, katiba za vikundi, na vitini. Vitini ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Kila semina inayopanda mlima huu huacha karatasi nyuma yake: lishe ya mtoto, ufugaji wa kuku, kuweka na kukopa, kinga ya kisukari, kilimo cha parachichi. Wawezeshaji hurudi mjini Moshi na gari lao, karatasi inabaki. Na kwa kuwa nakala huwa hazitoshi, katibu wa kikundi huleta moja kwetu tumtolee nyingine.

Ndivyo kilivyonifikia kipeperushi cha uchumaji wa kahawa. Kilikuwa cha karatasi ngumu inayong'aa, kimekunjwa mara tatu, na kimejaa rangi. Juu kulikuwa na nembo nne. Chini kulikuwa na picha ya ufunguzi wa mradi, watu waliovaa fulana za aina moja wakipiga makofi. Katikati, kwenye nafasi iliyobaki, kulikuwa na picha mbili za matunda ya kahawa na maelezo mengi kwa herufi ndogo nyeupe zilizoandikwa juu ya picha. Maelezo yalisema "vuna". Kwetu kahawa haivunwi, inachumwa, lakini hilo lingesameheka. Niliweka karatasi kwenye kioo cha mashine, nikabonyeza. Katibu akaichukua kopi ikiwa bado ya moto, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Sasa hapa ipi ni ipi?" akauliza.

Swali lake halikuwa dogo. Kahawa ya Kilimanjaro ni arabika, na sifa yake mnadani inaanzia kwenye vidole vya mchumaji. Tunda bichi ni gumu. Mashine ya kumenya haiwezi kulivua ganda vizuri, na punje yake ikiingia na nzuri huharibu ladha ya kikombe kizima. Lililopitiliza nalo lina kasoro zake. Anayechuma kwa kukokoa tawi zima, mabivu na mabichi pamoja, humaliza mti mapema, lakini hasara anaikuta kwenye mizani au kwenye daraja. Ada za shule Kibosho zimelipwa na kahawa tangu enzi za mababu zetu, kabla hata KNCU haijaanzishwa mwaka 1933. Karatasi isiyoonyesha tofauti ya tunda bivu na bichi inahusu ada hizo.

Mtu anaweza kusema kwamba mkulima wa Kibosho hahitaji karatasi ili alijue tunda bivu. Ni kweli kwa wazee. Lakini wanaochuma siku hizi mara nyingi ni vibarua vijana na wajukuu waliokuja likizo kutoka Arusha na Dar es Salaam. Vijana wengi wa hapa wameiacha kahawa. Karatasi ilikuwa kwa ajili yao, na wale wazee ndio waliokuwa waitumie kuwafundisha.

Mzee wa kwanza kuiona nyumbani kwetu alikuwa Bibi, mwanakikundi tangu kianzishwe. Alipewa kopi yake kikaoni, akaja nayo, akaketi nayo barazani. Aliishika mbali, kisha karibu, kisha akaisogeza kwenye mwanga. Mwishowe alimwita mdogo wangu wa darasa la nne.

"Nisomee wewe. Macho yangu leo yana ukungu."

Lazima nieleze Bibi ni msomaji wa namna gani. Hakupelekwa shule alipokuwa binti. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya jioni yakasambaa nchi nzima. Bibi alijifunza herufi humo, mtoto mgongoni. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu wakaketi kwa vikundi kusikiliza redio, kiongozi wa kikundi akiwa na kijitabu mkononi, kisha wakajadili na kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Bibi alikuwa mmoja wao, na hadi leo husimulia jinsi walivyobishana juu ya maji ya mfereji. Tangu hapo amesoma kila kitu kilichoingia nyumbani: Biblia, stakabadhi za chama cha msingi, ripoti zetu za shule, maandishi kwenye mifuko ya mbolea. Kusoma ni kitu alichokipata kwa jasho, na hamwombi mtu amsomee.

Kwa hiyo nilipomsikia akimwita mtoto, niliichukua ile karatasi nikaipima. Herufi zake zilikuwa za pointi 8, na kopi ilikuwa imezifuta pembe. Pointi 1 ni sehemu moja tu ya 72 ya inchi. Mtu akishapita miaka 40 hivi, lenzi ya jicho huanza kupoteza unyumbufu, vitu vya karibu vikafifia. Inampata kila mmoja wetu, msomi na asiye msomi. Mjini watu hununua miwani ya kusomea. Kijijini wengi hurefusha mkono hadi mkono unapoishia. Karatasi ya pointi 8 ilimwondolea Bibi, kwa asubuhi moja, kitu alichokuwa nacho tangu miaka ya sabini, na yeye akalaumu macho yake. Kilichoniuma ni hapo. Msomaji akishindwa na ukurasa mbaya, hujiona yeye ndiye mbaya.

Chuoni tulifundishwa kufaragua zana. Tulichora ramani juu ya viroba vya unga vilivyopasuliwa, tulihesabu kwa vizibo vya soda, tuliandika chati kwenye manila kwa maka peni mpaka vidole vikawa vyeusi. Tuliambiwa chati nzuri ni ile inayovutia. Hatukuambiwa kuvutia maana yake nini, ndiyo maana walimu wengi wanaoniletea kazi huomba maua kwenye kingo, vichwa vya habari vyenye kivuli, na aina tano za fonti kwenye ukurasa mmoja. Siwacheki. Hakuna aliyetufundisha jinsi jicho linavyotembea kwenye karatasi.

Mengine nimejifunza usiku, kwa video za kwenye simu pindi bando likiruhusu. Mmarekani anayeitwa Robin Williams alitoa mwaka 1994 kitabu kwa ajili ya watu wasio wasanifu wanaolazimika kusanifu, na mambo yake manne yamekuwa kama amri kwa watu wa kazi hii: vitu tofauti vionekane tofauti kwelikweli; kilichotumika mwanzo kirudiwe; kila kitu kilingane na kingine kwa mstari; na vinavyohusiana vikae karibu. Ukiyashika hayo manne, mtihani wa darasa la pili unasomeka. Picha ya mbuzi inakaa na swali la mbuzi, badala ya kuelea katikati ya maswali mawili huku mtoto akikisia.

Lakini yapo mambo ya Kiswahili ambayo vitabu vya Kiingereza havina haja nayo. Maneno yetu ni marefu. Neno kama "hawatanyunyiziwa" linabeba sentensi nzima. Ukiliweka kwenye safu nyembamba na kuiambia kompyuta inyooshe kingo zote mbili, inalisukuma lote mstari wa chini na kuacha mashimo juu, mpaka ukurasa unafanana na meno ya mtoto wa miaka saba. Ukiiruhusu ikate maneno, inayakata kwa kanuni za Kiingereza. Dawa yake ni nyepesi: acha kingo ya kulia isinyooke, na ukilazimika kukata neno, kata baada ya irabu, kwa kuwa silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia hapo. Nyu-nyi-zi-a. Mtoto wa darasa la kwanza anayejifunza KKK anaijua kanuni hiyo kuliko programu ya kompyuta.

Halafu kuna upana wa mstari. Ukijaza A4 kutoka ukingo hadi ukingo kwa herufi za pointi 10, mstari mmoja unabeba herufi zinazokaribia 100, na jicho likirudi kushoto linapotea njia. Wasanifu hupendekeza herufi 45 hadi 75. Na kuna sura ya herufi yenyewe. Kwenye fonti nyingi, I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 ni vijiti vitatu vinavyofanana. Kwenye maelekezo ya dawa ya kunyunyizia hilo si suala la urembo. Shirika la SIL limetengeneza fonti kwa ajili ya watu wanaoanza kusoma, yenye herufi zisizochanganyana na "a" inayofanana na ile tunayoiandika kwa mkono. Wakaipa jina la Kiswahili: Andika. Inapakuliwa bure. Nimekutana na walimu wengi wanaokifundisha Kiswahili kila siku bila kujua kwamba fonti hiyo ipo.

Katibu aliporudi juma lililofuata, hakuja na karatasi. Alikuja na ombi.

"Binti yangu, wewe si umesoma ualimu? Tutengenezee inayosomeka."

Nikamuuliza swali ambalo sasa namuuliza kila mteja: mtu akishaisoma karatasi hii, unataka afanye nini? Lenye rangi lilitaka mkulima ajue historia ya mradi, malengo yake, wafadhili wake, faida za kahawa kwa taifa, na mwisho kabisa achume vizuri. Katibu alifikiri. "Achume yaliyoiva tu," akasema. "Na yaliyoanguka chini asichanganye." Basi. Mambo mawili. Nikayafuta mengine yote, na ukurasa ukapata hewa.

Niliazima penseli ya mdogo wangu nikaenda kukaa chini ya mbuni. Nilichora matunda matano kwa safu, kutoka machanga hadi yaliyokauka mtini. Kwa kuwa rangi haisafiri kwenye kopi, ilibidi tofauti ioneshwe kwa wino mweusi peke yake. Rasimu ya kwanza ilikuwa na tunda bivu lililojazwa weusi na tunda bichi lililoachwa tupu. Niliizungusha kwa watu kabla ya kuandika neno lolote: mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi, dereva wa bodaboda, mzee mmoja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho. Niliuliza tu, hiki ni nini?

Mzee aliweka kidole kwenye tunda jeusi. "Hili lina ugonjwa," akasema. "Hii ni chulebuni."

Alikuwa sahihi kabisa. Chulebuni huanza na madoa meusi yaliyobonyea na kuliacha tunda limenyauka jeusi mtini, na mtu aliyehangaika na ugonjwa huo akiona tunda jeusi haoni kuiva, anaona hasara. Kutoka hapa hadi Lyamungu, makao makuu ya TaCRI, si mbali. Miche ya aina zinazohimili chulebuni imetoka huko na iko kwenye vihamba vyetu. Mzee aliisoma picha yangu kwa miaka yake yote ya kahawa. Ndiyo faida ya kuonyesha rasimu kabla ya kuchapa.

Wakubwa wa kazi hii walilijua hilo zamani. Otto Neurath na wenzake mjini Vienna, miaka ya 1920, walibuni lugha ya alama za picha ili takwimu zieleweke kwa mtu wa kawaida, nayo ikaja kuitwa Isotype. Miaka ya 1950, mke wake Marie Neurath aliitwa Nigeria Magharibi kusaidia kutengeneza vijitabu vya serikali juu ya elimu na afya, na kule alama za Ulaya zikabidi zibadilike, watu na nyumba zifanane na za pale. Picha nayo ni lugha yenye lahaja zake. Sisi Wachaga tuna zetu: jani la isale mkononi mwa mtu anayekuja kuomba msamaha linaeleweka kabla hajafungua kinywa, na safu ya masale kati ya vihamba viwili inasema mpaka uko hapa. Hakuna mzee wa Kibosho anayehitaji maelezo chini ya picha hiyo.

Rasimu ya pili iliacha matunda yote matano yakiwa matupu, mistari ya nje tu, na chini yake nikaandika sentensi mbili kwa Andika ya pointi 18. Nilimpa katibu kopi pamoja na kalamu za rangi nyekundu, nikamwomba kila mwanachama apake rangi tunda analoona linafaa kuchumwa.

Nilikwenda kwenye kikao hicho. Kulikuwa na ukungu, karatasi zilikuwa zimelegea kwa unyevu, na kalamu zilikuwa chache kuliko watu. Kwa dakika chache hakuna aliyesema neno. Watu wazima walikuwa wameinama wanapaka rangi. Kisha ubishi ukaanza. Wote walipaka tunda la nne. La tatu ndilo lililowagawa. Wengine walilipaka, wengine waliliacha, na mama mmoja alilipaka nusu. "Nusu ndiyo nini sasa?" jirani yake akamuuliza. Yule mama akajibu kwamba analijua halijaiva sawasawa, lakini akiliacha mtini usiku wezi hawaliachi, na ada inadaiwa Jumatatu.

Hakuna mwezeshaji aliyekuwa ameliandika hilo popote. Kikao kizima kikahamia kwenye wizi wa kahawa, zamu za kulinda, na kama chama kinaweza kukopesha ada mpaka malipo yatoke. Karatasi yangu ilikuwa na matunda matano matupu na sentensi mbili, na haikuwa na jibu la wizi wala la ada. Lakini iliwafanya wayaseme, kwa sababu ilikuwa na nafasi ya mkono wao kuingia.

Afisa wa mradi alipoiona baadaye hakufurahi. Aliuliza nembo ziko wapi. Alisema kipeperushi cha mwanzo kilishaidhinishwa, na akapendekeza nembo zote nne ziwekwe chini, kwenye sehemu iliyobaki wazi. Nilimwonyesha kopi ya kipeperushi chao na kumwomba anioneshe tunda bivu. Aliitazama muda mrefu kidogo, akasema atawasiliana na ofisi. Kikundi kiliendelea kutumia karatasi yake kisicho na nembo.

Mimi nililipwa fedha ya kopi, kwa idadi ya kurasa. Siku niliyokaa chini ya mbuni na jioni nilizozunguka na rasimu hazikuwa na mstari kwenye risiti, na mwenye duka hakuona kwa nini ziwepo. Kuchapa ukurasa kuna bei. Kuufikiria ukurasa hakuna. Wenzangu mnaojua Canva na Inkscape mnaijua hadithi hii. Mmeambiwa mara ngapi "nibonyezee tu hapo haraka"? Sina suluhisho. Nimeanza tu kuuliza maswali yangu kabla ya kuwasha kompyuta, na kutaja bei ya maswali hayo. Baadhi ya wateja wameondoka. Walimu wawili wamerudi.

Bibi hakumwita mtu amsomee karatasi ya pili. Aliisoma kwa sauti, sentensi ya kwanza na ya pili, kwa mwendo wake wa madarasa ya jioni, akiweka kituo palipo na kituo. Kisha akaibandika jikoni kwa uji wa unga wa ngano, juu ya mlango ambao wachumaji hupitia na ndoo zao. Sehemu ya chini, ile iliyotakiwa kujaa nembo, ameifanya daftari. Kila jioni ya kuchuma huandika humo tarehe na kilo, na pembeni jina la aliyechuma. Jina la mdogo wangu lina mistari miwili chini yake. Nilipouliza maana yake, Bibi alisema huyo kachanganya mabichi.